Kupanda ni moteri, kushuka ni akili



Wiki hii naleta historia, lakini si ile ya wafalme na mikataba. Ni historia ya kuvuta: namna gani watu walipitisha kitu kizito chenye magurudumu mu milima, nyuma ya moteri. Mtu ataniuliza: mu-agronome anatafuta nini humo? Jibu liko rahisi. Yote tuliyosoma juu ya mbegu, udongo na mbolea yanaishia siku moja nyuma ya kamioneti, mu njia ya kupanda na kushuka. Kiazi kilichobaki juu mlimani hakina bei.

Na kuna sababu ingine. Wenzetu wa kikundi cha afya ya mimea walileta wazo la kununua karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo shirika moja inauza. Wanataka tuigeuze kliniki ya mimea yenye kutembea, kutoka Bukavu mpaka bonde la Ruzizi. Tangu ile siku, ulizo ni moja tu: "Kamioneti itaweza kuivuta?" Kila mtu anataja nguvu ya moteri. Lakini ukifungua historia, utaona mlima unauliza kitu kingine. Mlima unauliza: nani ataizuia?

MASHUA MBILI JUU YA MITUMBA, 1915

Tuanzie kwetu, Katanga. Mwaka 1915, Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imefika Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa na meli zao Kigoma na walitawala maji yote. Meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, walikuwa wameishaiharibu tangu Agosti 1914. Mwindaji mmoja, John Lee, akapelekea wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza wazo lililofanana na wazimu: kuleta mashua za moteri kutoka London, kuzipandisha treni kule Cape Town, halafu kuzivusha milima ya Mitumba kwa nchi kavu mpaka ziwani.

Mashua zilikuwa mbili, Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu metri 12 na uzito wa tani zaidi ya nne. Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mwanzoni mwa Agosti 1915 treni ilizifikisha Fungurume, na hapo reli ikaisha. Mbele yao kulikuwa na kilometri zaidi ya 200 za pori na milima mpaka Sankisia, kwenye kipande cha reli cha kwenda Bukama, pa kukutana na mto Lualaba. Njia ilipanda mpaka karibu metri 1800.

Angalieni sasa maandalizi yao. Kila mashua iliwekwa juu ya rimoriki. Za kuvuta zilikuwa moteri mbili za mvuke, zile kubwa za magurudumu ya chuma. Nyuma ya moteri walikuwepo ng'ombe wengi wa kuvuta, kama akiba. Na mbele ya wote walikuwepo mamia ya wanaume wa vijiji, wenye kukata miti, kusawazisha njia na kujenga madaraja zaidi ya mia moja. Moteri ya mvuke inakunywa maji sana, na ile ilikuwa miezi ya kiangazi. Basi wanawake wa vijiji wakabeba maji kichwani kuinywesha. Radiateri ya ile safari, bandugu, ilikuwa vichwa vya mama zetu.

Mu kupanda, moteri zilivuta. Zikishindwa, ng'ombe walifungwa. Wote wakishindwa, kamba na puli zilifungwa kwenye miti. Lakini mu kushuka mambo yanageuka. Ukiwa na tani nne nyuma yako kwenye mteremko, si wewe unavuta tena. Mlima ndio unavuta, na mzigo unataka kupita mbele ya mwenye kuuongoza. Pale kamba zinahamia upande wa nyuma, na kazi ya watu na ya ng'ombe inakuwa kuzuia, hatua kwa hatua. Freni za ile rimoriki zilikuwa mikono ya watu.

Walitumia karibu wiki sita. Mwisho wa Septemba walifika Sankisia, wakashuka Lualaba mpaka Kabalo, wakachukua treni ya kwenda ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 walikamata meli ya Kijerumani Kingani. Vita yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu, na vitabu vinaipenda sana. Mimi naona vita kubwa iliishia mu Mitumba, na walioishinda ni wale wa kamba na wale wa mitungi ya maji. Majina ya maofisa tunayasoma kila mahali. Majina yao hatuyakuti.

MUTU ALIYESHUKA CAJON, 1931

Sasa tuvuke bahari kidogo, juu ile kazi ya kamba ilipata mrithi kule Marekani.

Mwaka 1931, mutu mmoja mwenye kutengeneza moteri za mazuti, Clessie Cummins, alitaka kuonyesha watu kwamba moteri ya mazuti inafaa kwa kamio. Akaendesha kamio kutoka New York mpaka Los Angeles. Moteri ilifanya vizuri safari yote. Karibu na mwisho, California, walianza kushuka Cajon Pass, mteremko mrefu unaotoka kwenye jangwa juu kwenda bondeni. Freni zikapata moto mpaka zikaacha kushika. Chini kulikuwa reli inayokata barabara, na treni ya mizigo ilikuwa inapita. Kamio ilivuka reli pale tu behewa la mwisho lilipoisha kupita.

Cummins hakusahau ile siku. Alijiuliza ulizo rahisi: kama moteri ina nguvu ya kupandisha huu mzigo, kwa nini isitumike kuuzuia? Miaka mingi baadaye, alipokuwa ameishaacha kazi ya kampuni, alirudi kwenye lile wazo. Alitengeneza chombo chenye kufungua valvu za moteri kwa wakati wake, ili hewa iliyogandamizwa itolewe nje badala ya kurudisha nguvu. Moteri ikageuka pampu inayokula mwendo wa gari. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961, na makamio makubwa ya Marekani bado yanakitumia.

Fundisho ni hili: toka moteri ya mazuti ikubalike mpaka freni yake ya moteri iingie sokoni, ilipita karibu miaka 30. Watu walijifunza kupanda mbele ya kujifunza kushuka. Na mu kila mlima wa dunia, mpaka leo, kuna watu wenye kurudia kosa la ile miaka 30.

KARAVANI ZILIPOPITA KONGO, 1959

Tufike sasa kwenye karavani yenyewe. Wally Byam, Mmarekani, ni mwanzilishi wa Airstream, zile karavani za aluminiyo zinazong'aa kama sufuria mpya. Ile ya mwaka 1936, Clipper, ilijengwa kwa namna ya ndege: mabati mepesi yaliyofungwa kwa ribiti, na umbo la mviringo la kukata upepo. Haikuwa urembo tu. Kila kilo unayopunguza kwenye karavani ni kilo ambayo hutaipandisha, na hutaizuia.

Byam alipenda kupeleka watu safari ndefu kwa kikundi. Mwaka 1951 alianza moja kubwa kwenda Amerika ya Kati. Karavani 63 ziliondoka, na ni chache tu zilizofika mwisho. Njia mbaya ilivunja kila kitu dhaifu, na Byam alirudi na mafundisho kwa kiwanda chake.

Mwaka 1959 akaleta safari yake Afrika: kutoka Cape Town mpaka Cairo. Karavani zilikuwa 41, watu zaidi ya mia moja, wengi wao wastaafu. Za kuvuta zilikuwa kamioneti na magari makubwa ya Kimarekani. Walitumia karibu miezi saba, na kati ya inchi walizopita ilikuwepo Kongo, ile iliyoitwa bado ya Wabelgiji. Fikirini wakati wenyewe: Léopoldville iliishawaka tarehe 4 Januari 1959, na uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Wastaafu wa Marekani walipita na nyumba zao za magurudumu mu mwaka wa mwisho wa koloni.

Hapa mu-agronome anasimama kidogo. Zile barabara walizopita nani alizitunza? Makantoniye. Kila mutu na kipande chake cha njia, na mpini wake, kufungua mifereji na kujaza mashimo kila mvua ikiisha. Walikuwa sehemu ya mfumo uleule wa kazi uliolazimisha wakulima wetu tangu 1917 kulima pamba na mazao mengine, mpaka siku 60 kwa mwaka. Barabara nzuri ya koloni watu wazee wanaisifu, na ni kweli ilipitika. Lakini ilipitika kwa migongo ya watu, na siku ile migongo ilipoachwa bila mshahara, barabara ilirudi kuwa mfereji. Kamioneti haiendeshwi juu ya moteri peke yake. Inaendeshwa juu ya kazi ya kantoniye.

Mu kusini ya Ethiopia shida ilizidi: milima, mawe, na sehemu ambapo njia haikuwepo hata kidogo. Springi na ekseli zilivunjika, na karavani zilivutwa kwa msaada wa magari mengine. Walifika hata hivyo Addis Ababa, Kaizari Haile Selassie akawapokea, na mwaka 1960 wakapanga karavani zao mbele ya piramidi za Misri. Picha zile ni maarufu. Zinaonyesha aluminiyo inayong'aa. Hazionyeshi masanduku ya springi na ekseli za akiba, wala mekanisiye aliyelala chini ya gari usiku.

HESABU YA NGOMO

Turudi kwetu. Mwenye kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi na Kamanyola anajua Ngomo. Ziwa Kivu liko karibu metri 1460 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika karibu metri 770. Tofauti ni metri 690. Tuseme kamioneti na watu wake ina kilo 2500, na karavani kilo 1500. Jumla kilo 4000.

Chukueni fizika ya mwaka wa kwanza. Kilo 4000 zikishuka metri 690, zinaachilia nguvu inayotosha kuchemsha karibu litri 80 za maji yaliyokuwa baridi. Ni kusema bidoni ine za litri 20, zile za njano, kutoka maji ya kawaida mpaka yanatokota. Sehemu moja inachukuliwa na upepo na pineu. Yote inayobaki lazima iende mu moteri ao mu freni. Hakuna pahali pengine. Kama shofere anashuka na vitesi ya juu, mguu juu ya pedali, zile bidoni anazichemsha kwenye maplakete yake.

Na kuna adui mwingine asiyeonekana. Mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewa, sawa vile mahindi yaliyowekwa mu gala bila kukauka. Mafuta ya aina DOT 3 yakiwa mapya yanatokota kwenye digrii 205 hivi. Yakiishaingia unyevu, kipimo cha chini kinachokubaliwa ni digrii 140 tu. Yakitokota, mvuke unaingia mu mipira, na mvuke unabonyezeka. Pedali inaenda mpaka chini na gari haisikii. Shofere atasema "freni zimeniacha". Ukweli ni kwamba zilikuwa zinamwaga siku nyingi.

Mu kupanda pia mlima unaiba. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu 3% ya nguvu kila metri 300. Kwa urefu wa Bukavu ni kama 15% imeishaenda. Maji nayo, kule juu, yanatokota karibu digrii 95 na si 100. Kofia ya radiateri ndiyo inayabana yasitokote mapema. Kofia ya bei ndogo ikikosa kushika, moteri nzima inapikwa.

Ndiyo sababu Wamarekani wenyewe walichoka na namba za matangazo. Kila kiwanda kilikuwa kinajitangazia tani zake. Mwaka 2008 shirika la mainjiniya wa magari, SAE, liliandika kanuni moja ya kupima, J2807, na Toyota ilikuwa ya kwanza kuifuata. Mtihani wake maarufu umechukuliwa kutoka mlima wa Davis Dam, Arizona: karibu kilometri 18 za kupanda, mu joto la digrii 38, mashine ya baridi ndani ya gari ikiwa wazi kabisa. Ni mtihani mzuri. Lakini mutu asome vizuri: ile namba ya tani ni ya gari mpya, mu barabara ya lami. Haijui Ngomo ya mvua, na haijui kamioneti yenye miaka 20.

TUFANYE NINI SISI

Sasa nirudi kwa wazo la kliniki ya mimea. Mimi niko upande wa wazo. Mkulima wa bonde anapoona muhogo wake unakauka majani, hana nauli ya kuleta jani Bukavu. Kliniki imufuate. Lakini mpango wa matumizi niliosoma mu group una pesa ya rangi, pesa ya meza, pesa ya mikroskopi, pesa ya kurudisha moteri nguvu. Freni za karavani hazimo. Na karavani yenyewe ni ya kilo 1500.

Naomba tupange hivi, na mwenye hoja anijibu.

Kwanza, freni za karavani yenyewe. Karavani za wakati wa Byam ziliishakuwa na freni za umeme ndani ya magurudumu, shofere akizitawala kutoka kwenye kiti chake. Kitu cha miaka 60 iliyopita hatuwezi kusema ni anasa. Rimoriki isiyo na freni mu Ngomo inaturudisha 1915, isipokuwa safari hii hakuna watu nyuma wa kushika kamba.

Pili, mafuta ya freni yamwagwe yote na kuwekwa mapya, na maplakete yabadilishwe mbele ya safari ya kwanza, si baada ya kusikia kelele.

Tatu, mizani. Tuipime karavani ikiwa na vitu vyote ndani. Uzito unaolala juu ya mpira wa chuma wa kuvutia uwe kati ya 10% na 15% ya karavani, ni kusema kilo 150 mpaka 225 kwa yetu. Ukiwa mdogo, karavani itatikisa mkia kama samaki na kuvuta gari nje ya njia. Ukizidi, nyuma ya kamioneti inalala na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani hausikii tena. Na ule uzito unahesabiwa kama mzigo wa kamioneti. Kwa hiyo hakuna watu wanane juu ya mifuko ya viazi nyuma, hata kama ni shemeji ya nani.

Ine, kanuni ya mashofere wazee: shuka na vitesi ileile ambayo ungetumia kupanda palepale. Vitesi ishike juu, mbele ya mteremko kuanza. Freni ya mguu ni ya kupunguza kwa nguvu mara moja na kuachilia ipoe, si ya kukanyagwa kutoka juu mpaka chini.

Tano, shofere. Tusimutafute mwenye kujisifu namna anavyopanda. Tumuulize namna anavyoshuka, na tusikilize jibu kwa makini.

Najua ndugu mmoja atasema: pesa zetu ni kidogo, tuanze tu, freni zitafuata. Namuelewa, juu hata kamera ya kupiga picha za magonjwa bado hatuna. Kamera inaweza kufuata. Rangi inaweza kufuata. Mu Mitumba walikosa vitu vingi, lakini hawakukosa mutu wa kuzuia mzigo. Kama pesa zetu hazitoshi kwa freni, basi hazitoshi kwa karavani.